Falanga za Mazingira: Koperative Gani Inaruhusiwa Kuomba?

Kila mara tunapopita Kiambi, kuanzia kwenye kivuko cha Luvua mpaka mashamba ya nyuma ya kijiji, swali linalorudi ni lile lile: "Tunasikia kuko falanga za mazingira. Sisi wakulima tuko ndani ao hapana?" Jibu fupi: mnaweza kuwa ndani. Lakini kati ya "mnaweza" na "mumo" kuna njia ndefu kidogo, na koperative nyingi zinaanguka katikati yake bila kujua zimeangukia wapi.

Jambo linaloumiza ni hili. Dosie nyingi za wakulima ambazo tumepata kuziona hazikataliwi juu ya mradi mubaya. Zinakataliwa mbele ya mtu kusoma mradi wenyewe. Aliyeandika ameweka nguvu yote kwenye bajeti, ameandika Kifaransa kizuri, amepiga picha za shamba, kumbe kikundi chenyewe hakimo katika wale wanaoruhusiwa kuomba, ao kile wanachoomba si kazi ya mfuko ule. Ni sawa na mtu kubeba magunia ya mihogo kwa kinga mpaka soko la samaki. Mihogo ni mizuri, lakini soko si lake.

Mfuko wenyewe ni wa nini

Mfuko unaojulikana zaidi kwa vikundi vidogo ni Programu ya Misaada Midogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, ule ambao kwa Kifaransa tunauita FEM. Ilianza mwaka 1992, inasimamiwa na PNUD, imefanya kazi katika nchi zaidi ya 120, na Kongo yetu ni mojawapo. Kwa muda mrefu kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja, na misaada mingi inabaki chini kabisa ya hapo. Si mkopo, hairudishwi. Lakini pia si zawadi: kuna mkataba, falanga zinakuja kwa mafungu, na fungu la pili halitoki kama ripoti ya fungu la kwanza haijafika.

Nani anapata? Mtu mmoja hapana, hata awe mukubwa namna gani. Huduma ya Leta hapana. Kampuni ya biashara hapana. Wanaopata ni vikundi vya wanakijiji na ONG za nchini: wakulima, wavuvi, wafuga nyuki, bamama, vijana, Batwa. Dosie inaamuliwa na komite ya taifa ambamo wengi wanapaswa kuwa watu wasio wa serikali. Mara nyingi tunaulizwa: "Tumjue nani kule Kinshasa?" Swali hilo si baya, tunaishi katika nchi tunayoijua. Ila komite ya namna hiyo inasoma karatasi za watu isiowaona, na karatasi ndiyo inayoongea mahali penu.

Mfuko huu unaangalia mambo machache tu: viumbe mbalimbali vya asili, yaani miti, wanyama, samaki, wadudu na mimea isipotee, udongo usichoke, hali ya hewa, maji yanayounganisha nchi, na sumu za kemikali. Wakulima wengi wanapita haraka kwenye hilo la maji ya nchi mbili. Luvua inatoka katika ziwa Mweru, na ziwa hilo ni letu sisi pamoja na Zambia. Kazi ya kulinda samaki wa Luvua haiko kazi ya kijiji kimoja tu. Andikeni hivyo, kwa sababu ni kweli.

Mahali mnapokaa

Hapa njo watu wengi wanapoteza muda. Kila mfuko una ramani yake, na ramani hiyo haijali shida zenu ni kubwa kiasi gani. Mifano miwili.

Kulikuwa na mfuko wa kimataifa unaoitwa CEPF, ambao kuanzia mwaka 2012 ulisaidia vikundi vya milima ya mashariki ya Afrika. Jimbo letu lilikuwa na sehemu ndani yake: safu ya Kabobo upande wa Kalemie na nyanda za juu za Marungu upande wa Moba, kwa sababu kule kuna mimea na ndege wasiopatikana mahali pengine. Kabobo yenyewe iliwekwa kuwa hifadhi mwaka 2016. Lakini Kiambi iko bondeni, kando ya mto, ndani ya teritwari ya Manono. Koperative ya Kiambi iliyopeleka dosie kule ingekataliwa kwa jina la kijiji tu.

Mfano wa pili ni ule mfuko maalumu wa watu wa asili na jamii za misitu, uliopewa Kongo dola milioni 6 kupitia Banki ya Dunia. Kwa masikio ya mtu wa Tanganyika, yenye Batwa wengi na misitu mikubwa, jina hilo linasikika kama letu. Lakini teritwari zilizochaguliwa zilikuwa upande wa Kisangani, Kasai na Mai-Ndombe. Haikuwa chuki dhidi yetu, ni ramani tu.

Kwa hiyo tangazo likifika, kwa redio ao kwa simu, swali la kwanza si "kuna falanga ngapi." Swali la kwanza ni: teritwari ya Manono imeandikwa humo? FEM nayo ina mpango wa nchi unaochagua maeneo ya kufanyia kazi kwa miaka kadhaa, na maeneo hayo yanabadilika. Ulizeni mbele ya kununua hata karatasi moja.

Ninyi ni nani mbele ya sheria

Neno "koperative" kwetu linabeba vitu vingi. Kuna kikundi cha majirani kumi wanaolima pamoja, wana akiba kidogo na kalenda ya zamu. Kuna umoja wenye prezida na muhuri, lakini wanachama wake wote wanatoka nyumba moja. Na kuna koperative ya kweli, yenye sheria zake, daftari ya wanachama na sehemu zilizolipwa.

Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na tangu wakati ule koperative zetu zinafuata sheria ya pamoja iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Sheria hiyo inajua aina mbili. Ile nyepesi inahitaji watu watano kwa uchache. Ile yenye baraza la utawala inahitaji kumi na tano. Zote mbili zinaandikwa katika rejista ya koperative, na hapo ndipo zinakuwa mtu mbele ya sheria. Ukiwa na karatasi ya zamani kutoka mbele ya OHADA, usitulie. Peleka ikaangaliwe.

Njia nyingine ni kuwa chama kisichotafuta faida, ASBL, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Watu wanatuuliza ipi ni bora. Kwa kuuza mahindi na kununua mbegu kwa pamoja, koperative ni bora kabisa. Kwa falanga za mazingira, ASBL inaeleweka haraka kwa sababu haigawi faida. Lakini hatushauri mtu yeyote avunje koperative yake inayotembea ili afungue ASBL kwa kunusa falanga. Mfuko utauliza chama kilianza lini na kilifanya nini mbele ya kuomba. Chama cha miezi miwili kinajulikana kutoka mbali, kama muhogo mubichi uliotiwa juani jana.

Koperative inaweza kukubaliwa vizuri tu, mradi ijibu swali moja kwa maandishi: kitu kitakachonunuliwa kwa msaada huu kitakuwa cha nani? Mizinga ya nyuki, kitalu, mashua ya ulinzi, vyote viandikwe kuwa mali ya wote isiyogawanywa, hata mwanachama akitoka, hata koperative ikifungwa. Mkutano mkuu upige kura juu ya hilo na kura iandikwe. Kama sheria zenu za ndani zinasema prezida "anatunza" vifaa nyumbani kwake, badilisheni neno hilo leo. Hapo njo pikipiki nyingi za miradi zilipopotelea.

Na vikundi visivyo na karatasi kabisa? Vinaweza kutembea pamoja na ONG ao koperative iliyoandikwa, inayopokea falanga kwa niaba yao. Njia hiyo ni halali, na kwa Batwa wengi njo njia pekee iliyo wazi sasa. Lakini andikeni makubaliano ya pande mbili: nani anatia sahihi banki, nani anaamua manunuzi, ni kiasi gani kinabaki kwa yule aliyekubali kuwabeba. Tumeona kikundi kinabebwa mpaka kinasahau kama mradi ulikuwa wake.

Kazi inayokubalika, na ile inayofanana nayo

Sasa tufike kwenye mradi. Mbolea ya dukani, mashine ya kusaga, trakta, mbegu za mahindi: vitu vizuri, tunavihitaji, na kuna mifuko ya kilimo kwa ajili yake. Mfuko wa mazingira utauliza jambo lingine: baada ya miaka miwili, ni kiumbe gani, udongo gani, maji gani yatakuwa salama zaidi kuliko leo, na tutajuaje?

Mkulima wa Kiambi ana majibu mengi kuliko anavyofikiri. Tuchukue moto. Msitu wetu ni miombo, na miombo inaungua karibu kila mwaka. Wataalamu wa misitu wa Ndola, kule Zambia, walianza mwaka 1933 kugawanya miombo vipande vipande. Kimoja walikichoma mapema, majani yakiwa bado na maji. Kingine walikichoma mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Kingine hawakukichoma kabisa. Miaka ilipopita, kipande cha moto wa mwisho kilibaki karibu majani matupu, kile cha moto wa mapema kilibaki na miti yake, na kile kisichochomwa kilijifunga kuwa msitu mnene. Ni msitu ule ule, mvua ile ile. Kilichobadilika ni mwezi wa kuwasha kiberiti.

Sasa angalia viwavi vinavyoliwa, ambavyo bamama wanakusanya mvua zinapoanza kukolea. Vingi vinakula majani ya miti ya miombo, kisha vinashuka na kulala ndani ya udongo mpaka msimu unaofuata. Moto mkali wa Septemba na Oktoba unaua miti michanga na kuharibu majani ya kwanza ambayo vipepeo vinahitaji. Na kuna tabia ya kukata mti mzima ili kushusha viwavi vya siku moja. Koperative inayokubaliana kuchoma mapema, kuanzia Mei, kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka sehemu moja ya msitu, na kukataza kukata mti juu ya viwavi, hiyo inafanya kazi ya mazingira kabisa. Na faida inarudi jikoni: viwavi, uyoga, asali. Mtu wa mfuko akisoma hivyo, haombi maelezo marefu.

Mukula nao. Wote tumesikia habari za upande wa Haut-Katanga, magari yamebeba magogo mekundu kuelekea mpakani. Mwaka 2019 mti huo uliwekwa chini ya mkataba wa dunia unaoangalia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, CITES. Kijiji kinachohesabu mikula yake iliyobaki na kuilinda kina hoja ya nguvu, kwa sababu dunia tayari imekubali kwamba mti huo unahitaji ulinzi.

Kupanda miti, hapa inataka uangalifu. Wengi wanatuambia: "Tutapanda eukaliptusi hektari kumi." Sawa, itatoa mbao na makala. Lakini eukaliptusi haiko miti ya kwetu, na shamba la mti wa aina moja si msitu. Kule Mampu, juu ya nyanda za Bateke karibu na Kinshasa, walipanda akasia kwenye hektari kama 8,000 na kuwapa familia zaidi ya 300 zilime mihogo kati yake, zikate makala kwa zamu, zifuge nyuki. Ni kazi kubwa na imefundisha watu wengi. Lakini akasia ile ilitoka Australia. Mradi kama huo unaweza kusaidia udongo na kupunguza kukata msitu wa asili, na uandikwe kwa jina hilo. Ukiuita "kulinda viumbe vya asili", msomaji wa dosie atauliza viumbe gani. Kama mnataka kuni, pandeni sehemu ndogo ya miti inayokua haraka, na sehemu kubwa acheni visiki vya miombo vichipue vyenyewe, mkivilinda na moto. Visiki vya miombo vina nguvu ya kuchipua. Ni kazi ya bei ndogo kuliko kitalu chochote, na ajabu ni kwamba hakuna anayeiandika kwenye dosie kwa sababu haina kitu cha kununua!

Upande wa mto kuna habari ambayo wazee wa Mweru wanaijua. Kulikuwa na samaki anayeitwa mpumbu, ambaye kila mvua ikija alipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai. Soko la migodi ya Katanga lilikuwa linaomba samaki zaidi na zaidi, na wavuvi walimkinga njiani wakati wa safari hiyo. Miaka ya 1940 mavuno yalikuwa makubwa sana. Kuelekea 1950 yalianguka, na hayakurudi kuwa vile. Zambia leo inafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kwetu, kijiji kinaweza kuamua chenyewe kuacha kinywa cha kijito kimoja ao dimbwi moja wakati wa mayai, na kuacha kuvua kwa chandarua cha mbu. Hapo tena mnaomba kidogo: mashua, vibao, posho ya walinzi, na pengine mabwawa ya samaki kwa ajili ya wale watakaopoteza sehemu yao ya kuvua.

Nimesema "wale watakaopoteza." Hapo njo uzito wa habari hii yote.

Nani amekubali?

Kulinda maana yake mtu fulani anaacha kitu fulani. Aliyekuwa anachoma makala pale hatachoma. Aliyekuwa anavua pale hatavua. Mfuko unajua hivyo, na sharti ambalo linaangusha dosie nyingi kuliko muhuri na rejista ni hili: wale ambao mkono wao unagusa msitu ule ao mto ule, wameulizwa na wamekubali mbele ya kazi kuanza?

Tuseme koperative ina wanachama 40, wote wakulima, na nyuma ya mashamba yao kuna msitu. Wanakutana, wanakubaliana wote 40 kuulinda, wanaandika PV safi. Kumbe kila mwaka familia za Batwa zinakuja kulina asali na kuchimba mizizi mle ndani, na hakuna aliyezialika siku ile. Kwenye karatasi ni makubaliano. Kwenye ardhi ni kufukuza watu.

Kwetu Tanganyika hatuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali kutueleza mambo hayo yanaishia wapi. Kuanzia 2013, na kwa ukali zaidi 2016 na 2017, ugomvi kati ya Batwa na Baluba ulichoma vijiji katika Manono, Nyunzu na kwingine, watu wakakimbilia kambini, mashamba yakalala misimu mizima. Mradi wa mazingira unaofunga msitu bila Batwa unaweza kuwasha tena kitu ambacho watu walihangaika kukizima. Hakuna kiasi cha dola kinacholipa hicho.

Sheria pia imesogea. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda watu wa asili Pygmées, inatambua haki zao juu ya ardhi na mali za asili wanazotumia, na inadai wakubali kwa hiari yao, wakiwa wameelezwa vizuri, mbele ya kazi. Na mifuko mikubwa yote ya mazingira inauliza jambo hilo hilo. Kwa hiyo mkutano ufanyike mahali ambapo Batwa wanaweza kufika na kusema, kwa lugha wanayoisema, na jibu la "hapana" liwe jibu linalowezekana. Kama watakubali msitu ulindwe lakini asali iendelee kulinwa bila kukata mti, andikeni hivyo hivyo. Mradi wenu haujapungua, umepata walinzi wanaoujua msitu kuliko ninyi.

Bamama nao. Wao ndio wanaokusanya uyoga, viwavi na kuni. Tumewahi kusoma PV yenye majina ya wanawake mwishoni tu, yote kwa mwandiko mmoja. Msomaji wa dosie anaona hilo kwa dakika moja.

Kisha chefu. Chefu wa kijiji na chefu wa grupma wanapaswa kutia sahihi, hilo kila mtu analijua. Lakini sahihi ya chefu haibebi ruhusa ya ukoo wenye ardhi. Ulizeni ukoo, andikeni majina ya wazee waliosema ndiyo, choreni ramani ya mkono yenye kijito, njia, kichuguu kikubwa, chochote ambacho jirani atakitambua. Na jirani wa upande wa pili wa mpaka aione ramani hiyo. Ni afadhali mugombane juu ya karatasi.

Kwa wale wanaotaka kwenda mbali zaidi, kuna msitu wa jamii. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa mila uwe wake kwa maandishi, mpaka hektari 50,000, bila kulipia ardhi na bila mwisho wa muda. Ombi linapita kwa gavana. Kazi yake ni ndefu na inataka msaada wa mtu anayejua. Hamuhitaji kuwa nao ili kuomba msaada mdogo. Lakini angalieni: PV ya ukoo, ramani ya mkono, makubaliano na majirani na Batwa, vyote vinavyohitajika kwa msaada mdogo vinatumika tena kwa ombi la msitu wa jamii. Kazi mnafanya mara moja.

Mchango wenu, na wale wanaouza dosie

Mifuko inataka kuona kikundi kimeweka kitu chake. Wanakoperative wanashtuka: "Kama tungekuwa na falanga, tungeomba?" Mchango si lazima uwe falanga. Wanachama 40 wakifanya kazi siku 2 kwa mwezi, kwa mwaka ni siku 960 za kazi. Hesabuni kwa bei ya kibarua wa kwenu, muongeze mbegu za kitalu, miti ya kujengea, chumba cha kuweka vifaa, chakula cha siku za kazi ya pamoja. Ni kiasi kikubwa. Lakini kinahesabiwa kama kimeandikwa: tarehe, majina, kazi iliyofanyika. Koperative ambayo tayari ina daftari ya salongo ya mwaka uliopita inaonyesha mchango ambao tayari upo, si ahadi.

Akaunti ya banki iwe kwa jina la kikundi, na sahihi mbili ao tatu. Akaunti ya prezida haikubaliki, hata prezida akiwa pasta. Simu ya mtu mmoja haikubaliki pia.

Na hili tuliseme wazi kwa sababu limeanza kutembea kando ya mto: kuna watu wanaopita vijijini na mafomu, wanaomba dola 20 ao 50 "za kufungua dosie ya mazingira." PNUD haitozi falanga kwa kupokea ombi. Mtu akiomba malipo ili jina la koperative yenu liingie kwenye orodha, orodha hiyo haiko. Kumlipa mtu anayewasaidia kuandika ni jambo lingine, ni kazi ya mkono wake, mupatane naye mbele ya mashahidi. Lakini asidai asilimia ya msaada. Asilimia hiyo haimo katika bajeti yoyote inayokubaliwa, na ikigunduliwa, kikundi ndicho kinachofutwa.

Kwa msimu huu

Tangazo la kuomba likitoka, muda huwa ni wiki chache tu, na wiki chache hazitoshi kukutanisha ukoo, Batwa, wavuvi na chefu wa grupma. Kwa hiyo mikutano ifanyike sasa, mbele ya tangazo. Kwa wale wa upande wa msitu, muda mzuri ni baada ya mavuno, mbele ya Mei, kwa sababu kama mtakubaliana kuchoma mapema, mutaweza kuanza mwaka huu huu bila kungoja dola ya mtu. Kazi iliyoanza ndiyo inayoonyesha kwamba kikundi ni cha kweli. Pigeni picha ya msitu leo, na mwandike tarehe nyuma yake.

Baada ya mkutano, leteni nakala ya PV na ramani ya mkono kwa mwagronomi anayepita kwenu, ao mumpe mtu wa kamati wakati wa soko. Tutakuja na GPS kuzunguka mpaka pamoja nanyi. Tuambieni tu siku ambayo wazee wa ukoo, bamama wanaoingia mle msituni na familia za Batwa wanaweza kuwapo wote. Kama hawawezi kuwapo siku moja, tutakuja mara mbili.